Chokaa Yenye Buluu

Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi Ursule Lanoix alikwenda kanisani kuzungumza na mwanawe. Alikaa benchi la kwanza la weusi, ambalo ukihesabu kutoka altareni lilikuwa karibu la mwisho, na Noélie alikaa benchi la mwisho la wazungu, mbele yake kabisa, pua ya mama ikitazamana na kisogo cha binti. Rozari ikianza, nao walianza yao. Salamu Maria ya kwanza ilikuwa ya Mungu. Katika ya pili Ursule aliuliza kama anakula vizuri, na katika ya tatu Noélie alijibu bila kugeuza shingo. Kabla ya kuondoka, Ursule alimnyoosha kola kwa nyuma, upesi, kama anayefukuza nzi. Walikwenda hivyo miaka minne, na hata mwaka ule kanisa lilipojaa majukwaa ya mafundi hawakuacha, maana kelele za nyundo zilifunika sauti zao vizuri kuliko kinanda.

Mtaani kwao, upande wa chini wa New Orleans, jambo hilo halikuwa la ajabu. Kila ukoo ulikuwa na mmoja wake aliyevuka. Mwenye nywele za kulala na ngozi ya maziwa hupata kazi kwa wazungu, huhama, na ndugu zake huacha kumtaja mbele ya wageni. Noélie alichukua rangi ya marehemu baba yake, Anatole, msokota sigara ambaye akikaa kimya kwenye tramu hakuna aliyemwondoa kiti cha mbele. Ursule mwenyewe alikuwa wa kahawia iliyokolea. Siku ya harusi yake mama mkwe alimwambia waziwazi kwamba amekuja kuwaharibia damu, kisha akala keki vipande vitatu.

Mama mkwe huyo ndiye aliyemfunza habari ya masikio. Mtoto mchanga huzaliwa mwekundu tu, mtoto wa mtu yeyote. Rangi atakayokuwa nayo inaanza kuchungulia kwenye ukingo wa masikio na kwenye mizizi ya kucha. Noélie alipozaliwa, bibi yule alimpokea, hakuuliza kama mama yu hai, akaenda moja kwa moja masikioni. Alipoyaona meupe ndipo alipomkumbuka Ursule na kuagiza aletewe supu. Ursule aliinywa, kwa kuwa alikuwa na njaa, lakini hakuisahau. Baadaye naye akawa mkunga, na kwa miaka ishirini na sita kila alipozalisha aliona jicho la mtu likikimbilia masikio kabla ya kuhesabu vidole. Ilimchosha kupita uzazi wenyewe.

Basi Noélie akapata kazi katika duka la kofia barabara ya Canal, na huko akaonwa na Théophile Guidroz, mzungu wa kutoka mabwawani, fundi chokaa, mtu wa maneno machache na mikono mikavu. Alimwambia kuwa yeye ni yatima aliyelelewa na masista huko mjini Mobile. Théo alimwamini, au hakuuliza, wakaoana. Sheria ya Louisiana ilikuwa wazi: tone moja la damu nyeusi likijulikana, ndoa hiyo si ndoa, mke hana mume, na mtoto hana baba. Noélie alilala miaka minne juu ya neno hilo.

Mwezi wa pili, katikati ya rozari, alisema, "Mama, nina mimba."

Ursule alimaliza Salamu Maria yake. "Utajifungua lini?"

"Mwezi wa sita."

"Na nani atakuzalisha?"

"Wewe. Nitasema nimesikia sifa zako. Wazungu wangapi unawazalisha?"

"Wengi. Na masikio je?"

Noélie alimalizia kwanza fumbo la rozari. "Ndiyo maana nakutaka wewe, mama. Mtu mwingine akiyaona wa kwanza nimekwisha."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Ursule hakupata jibu lake. Novemba iliyotangulia, Sikukuu ya Watakatifu Wote, alibeba ndoo na brashi kwenda kulipaka kaburi la Anatole kama kila mtu mjini, akalikuta limeshapakwa. Ufa wa upande wa kaskazini ulikuwa umezibwa, kwa kazi safi isiyoacha alama ya mwiko. Tena ile chokaa ilikuwa imetiwa buluu kidogo, buluu ya kufulia mashuka, kiasi cha kuifanya iwe nyeupe kuliko nyeupe. Hapo mjini hakuna aliyechanganya hivyo. Alimuuliza Noélie kanisani, naye akasema si yeye. Ursule akaamua ni wale wasokota sigara wenzake Anatole, akawawashia mshumaa mmoja wa pamoja.

Mwezi wa sita, asubuhi ya Jumatatu, muuza barafu alipiga kelele dirishani kwamba Madame Guidroz wa mtaa wa juu ameshikwa na uchungu. Ursule alichukua mfuko wake akapanda tramu. Ubao wa kutenga rangi ulikuwa umesogezwa nyuma sana siku hiyo, kwa kuwa wazungu walikuwa wengi, na weusi walisimama wamebanana huku nyuma kama vitambaa kwenye droo. Viti vitatu mbele ya ubao vilikuwa vitupu. Ursule alivitazama njia nzima, mfuko mkononi, miguu ikimwaka moto.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa na mwanamke wa kizungu mfupi, mnene, aliyevaa nyeusi. Alikuwa Azélie, shangazi yake Théo, aliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu, sasa ametoka mabwawani kuja kumpokea mtoto.

"Ndiye wewe Ursule?"

"Ndiye mimi, Madame."

"Umechelewa. Kunywa kahawa kwanza, sitaki mtu atetemeke mikono. Kikombe chenu ni kile cha bati, pale msumarini. Kaa hapo kwenye ngazi."

Ursule alikaa kwenye ngazi akanywa kahawa ya kikombe chao. Ndani, ukutani juu ya jiko, chokaa ilikuwa na weupe wa ajabu, lakini macho yake yalikuwa kwenye mlango wa chumbani na akili yake ilikuwa imetangulia huko.

Azélie hakuwa mtu wa kunyamaza. "Mtoto wa kaka yangu kaoa msichana asiye na watu. Mtu asiye na watu unajuaje kilicholala ndani yake? Kule kwetu kuna mmoja alizaa, siku ya tisa kitoto kikaanza kuiva kama mkate. Mume alimtoa usiku uleule na gauni moja la kulalia. Mimi nitayaangalia masikio mwenyewe, hapohapo, kabla hajaoshwa."

"Kabla hajaoshwa utaona damu tu, Madame."

"Nina macho."

"Naona," Ursule alisema, akarudisha kikombe msumarini.

Chumbani Noélie alikuwa ameng'ang'ania nguzo ya kitanda, nywele zimelowa. Alipomwona mama yake, uso ulimvunjika, halafu akaona nyuma yake amesimama Azélie, akaukusanya tena.

"Afadhali umekuja, Ursule."

Jina tupu, kwa mdomo wa mtoto aliyemzaa. Walikuwa wamekubaliana hivyo, wamelifanyia hata mazoezi kanisani. Bado liliingia kama mwiba chini ya ukucha, na Ursule alilazimika kuinama kwenye mfuko wake na kutafuta mkasi ambao alikuwa ameushika tayari.

"Ndiyo, Madame Guidroz," akasema. "Hebu tuone."

Mtoto alikuwa amekaa vizuri, lakini uchungu ulikuwa unakuja na kukatika. Saa tano Noélie alianza kuchoka. Ursule alijua dawa ya hapo, ile ya wakunga wote wa huko, weupe kwa weusi: kofia ya mume. Mwanamke akivishwa kofia ya mumewe, nguvu za mume humshukia naye akasukuma. Kama ni kweli au si kweli Ursule hakuwahi kujali. Alichojua ni kwamba mwanamume akivuliwa kofia yake hujiona amefanya kitu, na hiyo peke yake ni msaada.

Théo alikuwa jikoni anakoroga maharage mekundu, kwa kuwa ilikuwa Jumatatu na hata dunia ikiisha Jumatatu maharage hupikwa. Alikuwa ameyakoroga mpaka yamekuwa uji.

"Bwana Guidroz, naomba kofia yako."

Aliivua akampa kwa mikono miwili. "Chukua, Bi Ursule."

Ursule nusura aidondoshe. Katika maisha yake alikuwa ameitwa Ursule, wewe, shangazi na mama mweusi, lakini hajapata kuitwa Bi na mzungu. Alirudi nayo ukumbini taratibu, na hapo mwanga wa dirisha ukaiangukia. Ukingo wa kofia ulikuwa na matone ya chokaa iliyokauka. Alilikwangua moja kwa ukucha. Ndani lilikuwa na buluu.

Akageuka, akautazama vizuri ule ukuta wa jikoni, na buluu ilikuwepo pale pia, nyembamba, ileile ya kaburini. Huyu mtu alikwenda kwa Anatole. Anajua jina, anajua mtaa, anajua kaburi, na hajafungua mdomo. Tangu lini? Na amenyamaza kwa wema, au anangoja mtoto atoke apate ushahidi mkononi? Ursule alikuwa amewaona waume wa namna zote kwenye vizingiti vya vyumba vya uzazi, na waliomtisha zaidi hawakuwa wapiga kelele. Alitaka kumfunga mwanawe kwenye shuka ampitishe dirishani. Badala yake aliingia, akamvisha kofia.

"Sukuma," alisema.

"Siwezi."

"Unaweza. Bibi yako alikuwa na mdomo mrefu kuliko barabara na bado nilisukuma mbele yake." Alisema hayo kwa sauti ya chini, mdomo sikioni, na Noélie, kofia ikimfunika hadi nyusi, akacheka katikati ya machozi, na katika kile kicheko mtoto akashuka.

Alikuwa msichana. Alilia mara moja, kwa hasira ya kweli, na Ursule alipomgeuza kukata kitovu aliyaona. Mwili wote mwekundu kama wa mtoto yeyote, na kwenye ukingo wa masikio, mstari wa kahawia, wa rangi ya gamba la mkate. Rangi yake mwenyewe. Kwa nukta moja Ursule alifurahi kupita kiasi, furaha ya kijinga, ya kuona kitu chake kimefika mahali ambapo yeye haruhusiwi kuketi. Halafu akaivuta kofia ya mtoto, ile ya kitani aliyoishona yeye, yenye mikunjo mirefu pembeni, akaifunga chini ya kidevu mafundo mawili.

"Lete," alisema Azélie.

"Kichwa kisifunuliwe mpaka siku ya tisa, Madame. Upepo utamwingia."

"Upepo gani, mwezi wa sita? Lete hapa."

"Shangazi, tafadhali," Noélie alisema kitandani. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

Azélie alikuwa na vidole vifupi lakini vyepesi. Fundo la kwanza likafunguka, la pili likafunguka, kofia ikarudi nyuma. Akamsogeza mtoto dirishani.

"Masikio haya," alisema Azélie polepole. "Théo. Njoo uyaone masikio haya."

Théo aliingia. Ursule alijiweka kati ya mlango na kitanda, mkasi bado mkononi, na hakujua alikusudia kuufanyia nini. Théo aliinama juu ya mtoto. Aliangalia kwa muda mrefu, kama anayeangalia ukuta kabla ya kuugusa. Kisha akaanza kutabasamu.

"Shangazi," alisema, "hayo si masikio ya babu Ozémé?"

"Nini?"

"Babu. Baba yako. Si wewe uliyenisimulia alikuwa amekolea mpaka watu wakamwita sufuria? Kwamba hata wakati wa baridi hakung'aa?"

"Lile lilikuwa jua," alisema Azélie. "Baba alivua kamba miaka arobaini. Lilikuwa jua."

"Hata masikioni, chini ya kofia?"

Ursule alimwona Azélie anafanya hesabu. Akisema masikio haya yana kasoro, mtu atauliza yametoka wapi. Na kama yametoka upande wa Guidroz, swali litarudi mabwawani, litapiga hodi kwenye nyumba ya marehemu, na halitamruka yeye Azélie na masikio yake, ambayo kwa miaka sitini yalikuwa yamefichwa chini ya nywele zilizobanwa vizuri sana. Mkono wake mmoja ulipanda ukazigusa.

"Ni masikio ya Guidroz," alisema hatimaye, kwa sauti ya kuapa. "Yameonekana tangu chumbani. Atakayesema vingine aje aniambie mimi." Akamgeukia Ursule. "Hiyo kadi ya serikali ya vizazi unayo? Ijaze. Pale kwenye rangi andika mweupe. Andika kwa herufi kubwa, nione."

Ursule aliandika kwa herufi kubwa. Azélie alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamrudishia mtoto, akatoka kwenda kuwatangazia majirani kwamba amezaliwa Guidroz mtupu, picha ya babu.

Mlango ulipofungwa Théo alikaa pembeni ya kitanda. Hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Bi Ursule," alisema, "ule ufa wa kaskazini ulikuwa mkubwa kuliko ulivyoonekana. Nimeuziba na mchanga wa mto. Utakaa miaka kumi."

Noélie aliinuka kwa viwiko. "Ufa gani?"

"Wa kaburi la baba mkwe."

Ikabidi aeleze, na kueleza hakukuwa kazi yake aliyoizoea. Mwaka juzi alikuwa juu ya jukwaa kanisani, akikwangua ukuta. Ijumaa moja alimwona mkewe chini, akafurahi, akataka kumwita. Halafu akamwona mwanamke wa nyuma yake anamnyoosha kola. "Mtumishi hamnyooshi mtu kola namna ile," alisema. "Mama yangu alikuwa akininyoosha hivyo kabla hajafa. Nikamuuliza mtunza kanisa yule mama ni nani."

"Miaka miwili," alisema Noélie. "Umejua miaka miwili, na mimi silali, naota unanitoa mlangoni, na wewe umelala hapo unakoroma?"

"Niliogopa nikikwambia utaondoka. Mtu anayejificha ukimwambia umemwona, hukimbia."

"Mjinga wewe."

"Na wewe miaka minne?"

Noélie alimtazama, kofia yake bado kichwani, akaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetua mzigo njiani na kugundua mabega yanauma. Kisha akanyoosha mkono, si kwa mumewe.

"Mama," alisema. "Mama, nipe mtoto wangu. Mama, njoo ukae."

Ursule alikaa. Miguu yake ilikuwa imegoma muda mrefu. Alisema atakaa dakika moja tu, Azélie asije akamkuta, na alikaa mpaka maharage yakaungua.

"Na akizidi kukolea?" aliuliza baadaye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha shimo bila kulichungulia.

"Shangazi atapigana na mtaa mzima," alisema Théo. "Na ikishindikana, meli za ndizi zinakwenda kila wiki Tampico, huko Meksiko ambako sheria hii haipo. Na kule kuta zinapakwa chokaa." Akaenda jikoni, akarudi na kahawa katika kikombe cha kaure chenye maua. Kile cha bati Ursule hakukiona tena msumarini. Alikuja kukikuta siku nyingine kwenye ndoo ya Théo, kimekuwa cha kuchotea buluu.

Waliamua kwamba Ursule atakuwa yaya wa mtoto. Azélie mwenyewe ndiye aliyependekeza kabla hajarudi mabwawani, akisema huyu mweusi ana mikono mizuri, msimwachie. Mtoto aliitwa Anatolie, na Azélie alidhani ni jina la masista wa Mobile.

Novemba ilipofika walikwenda makaburini, kila mmoja kwa njia yake, wakakutana mbele ya Anatole wakiwa na ndoo moja. Kurudi, Ursule alipanda tramu na mjukuu kifuani. Sheria ileile iliyoweka ubao ilikuwa na kijisehemu chake: yaya mweusi aliyebeba mtoto wa kizungu aruhusiwe kukaa mbele. Ursule aliwapita weusi waliobanana nyuma, akaupita ubao, akachagua kiti cha dirishani na kukikalia chote. Alimfungulia mtoto kofia ili masikio yapate hewa.

Kondakta alisimama kumchekea mtoto. "Kazuri haka. Wa nani?"

"Wangu," alisema Ursule.

Kondakta akacheka sana, akasema mayaya wote husema hivyo, akaenda zake mbele. Ursule alimnyoosha mtoto kola, bila haraka, akaanza kutazama nyumba zikipita.